Dawa za Kichwa Dukani: Ipi Inafaa Kichwa Kipi

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Kichwa kinanipasuka, hebu nipe dawa."

Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge viwili, anavitia kwenye kibahasha, anapokea hela. Hakuna aliyeuliza kinauma wapi, kimeanza lini, wala kama kimekuja na kutapika. Hapo ndipo dawa nzuri inapopewa jina baya. Mtu mwenye kipandauso, yaani kichwa kinachogonga, mara nyingi upande mmoja, anameza kidonge kimoja cha parasetamoli saa tano baada ya maumivu kuanza, hapati nafuu, kesho anatangaza kuwa Panadol za siku hizi ni feki. Kidonge hakina kosa. Kimepelekwa kwenye kichwa kisicho chake, tena kimechelewa na ni kidogo.

Hapa tunazipitia dawa za kichwa ambazo mtu mzima huzipata kwa urahisi kwenye maduka ya dawa ya Tanzania na Kenya, na tunazipima kwa kichwa zinachokwenda kutuliza. Matangazo tumeyaweka kando.

Tuanze na parasetamoli, maana ndiyo inayotoka zaidi. Kichwa chake hasa ni kile cha mkazo. Hicho hubana pande zote mbili, kama kilemba kilichokazwa kuanzia paji la uso mpaka kisogoni. Hakigongi. Mwenye nacho anaweza kupanda ngazi au kubeba ndoo ya maji na maumivu yasizidi. Hatapiki. Mwanga unaweza kumkera, au kelele, lakini siyo vyote viwili kwa pamoja. Hudumu kuanzia nusu saa hadi siku saba, na ukimbonyeza shingoni na mabegani mara nyingi utakuta misuli imekaza na inauma. Huwapata sana wanaoinamia cherehani au kompyuta kutwa, waliolala kidogo, na waliopitisha chakula cha mchana.

Kwa kichwa hicho parasetamoli inatosha, mradi dozi iwe kamili. Kidonge kimoja kina miligramu 500. Mtu mzima mwenye uzito wa kawaida anahitaji viwili kwa mara moja, yaani gramu 1, kisha asubiri angalau saa nne kabla ya kurudia, na asizidishe vidonge 8 ndani ya saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini, au anayekunywa pombe nyingi kila siku apewe kiwango kidogo zaidi kwa ushauri wa mfamasia. Kosa la kawaida ni kumeza kimoja kimoja kila baada ya saa mbili: maumivu hayatulizwi sawasawa, na hesabu ya siku inapotea. Kosa la hatari zaidi ni kuichanganya na dawa ya mafua bila kusoma pakiti. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Sumu yake huliumiza ini kimyakimya. Mtu anaweza kujiona mzima siku ya kwanza, kumbe ini limeshaanza kuharibika. Aliyezidisha akimbizwe hospitali hata kama haumwi popote, kwa kuwa dawa ya kuzuia madhara hayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 za mwanzo.

Alama zetu kwa parasetamoli kwenye kichwa cha mkazo ni 8 kati ya 10. Ile dawa ya kuchua yenye mentholi au mafuta ya mnanaa, ukijipaka kwenye panja na kisogoni, nayo inasaidia wengi na haina mzigo kwa ini wala tumbo. Iwe mbali na macho, na usimpake mtoto mchanga usoni.

Sasa kipandauso, ambacho ndicho kinachohudumiwa vibaya kuliko vyote. Wengi wanacho na hawajui kuwa kina jina. Husema "kichwa cha kurithi", au "sainasi", au hata "nimerogwa". Shambulio hudumu saa 4 hadi 72 lisipotibiwa. Mara nyingi huuma upande mmoja, ingawa upande unaweza kubadilika na wengine huumwa pande zote. Kinagonga kwa mapigo, kana kwamba moyo umehamia kwenye panja. Ukiinama kufunga kamba za viatu kinazidi. Ukipanda ngazi kinazidi. Kichefuchefu kinakuja, au mwanga na kelele vinakuwa mateso, na hata harufu ya vitunguu vinavyokaangwa jikoni haivumiliki. Mgonjwa anataka chumba chenye giza na watu wanyamaze. Kwa watoto huwa kifupi zaidi, kinaweza kuisha ndani ya saa mbili, na mara nyingi huuma pande zote mbili za paji la uso. Wanawake wengi hukipata siku zile za kukaribia hedhi au za mwanzo wake.

Baadhi ya wenye kipandauso huona ishara kabla. Huanza kidoa kidogo karibu na katikati ya kile unachokitazama, kama alama inayobaki baada ya kutazama taa. Kinapanuka polepole, ukingo wake unameta kwa mistari ya kona kona kama meno ya msumeno, na ndani yake herufi za gazeti hazisomeki. Baada ya dakika 20 au 30 kimesogea hadi pembeni, kinatoweka, na kichwa kinaanza. Kawaida ishara hizo huchukua kati ya dakika 5 na 60. Ule upolepole wake ndio wa kuangalia. Kiharusi hakisubiri hivyo. Nguvu za mkono au kuona huondoka ghafla, kama taa iliyozimwa.

Kuna maswali matatu yanayomtosha muuzaji pale kaunta. Katika miezi mitatu iliyopita, kichwa kilipouma, je, ulipata kichefuchefu? Je, mwanga ulikusumbua kuliko kawaida? Je, kilikuzuia kufanya kazi zako japo siku moja? Mtu akijibu ndiyo mara mbili, uwezekano ni mkubwa kwamba ni kipandauso. Maswali hayo hayachukui hata dakika moja, na duka linaloyauliza ni la kurudia.

Kwa kipandauso, dawa ya kwanza tunayoipendekeza dukani ni ibuprofeni, ambayo wengi wanaiita Brufen. Dozi ni miligramu 400 kwa mara moja, yaani vidonge viwili vya 200 au kimoja cha 400, pamoja na chakula chochote, hata kama ni ndizi moja. Bila usimamizi wa daktari usizidi miligramu 1,200 kwa siku. Jambo linaloamua kama itafanya kazi ni saa. Kipandauso kikishapamba moto, tumbo hupunguza kasi ya kusukuma vitu kwenda kwenye utumbo, kwa hiyo kidonge kinakaa tumboni tu bila kufyonzwa, halafu kinatapikwa. Meza mapema, maumivu yakiwa bado madogo. Anayesubiri "nione kama kitapoa chenyewe" hadi jioni ndiye anayesema baadaye kuwa dawa haifai. Tunaipa 9, na ile moja tumeikata kwa sababu ya watu wasiotakiwa kuigusa: wenye vidonda vya tumbo, wenye ugonjwa wa figo, wenye pumu inayoamshwa na dawa za aina hii, wanaotumia dawa za kuyeyusha damu, na wajawazito, hasa kuanzia wiki ya 20.

Aspirini inashindana nayo vizuri kuliko watu wanavyodhani. Vidonge vitatu vya miligramu 300 (jumla 900) vikiyeyushwa kwenye maji hufanya kazi haraka, na ni rahisi. Makatazo ni yale yale ya ibuprofeni, na zaidi: isipewe mtoto wa chini ya miaka 16. Parasetamoli gramu 1 ni dhaifu zaidi kwa kipandauso, lakini kwa mjamzito ndiyo ya kuanzia.

Anayetapika kila shambulio asiendelee kumeza vidonge juu ya vidonge. Aende kituo cha afya aandikiwe dawa ya kuzuia kutapika kama metoklopramidi miligramu 10, ambayo pia inalisukuma tumbo lianze kazi tena. Famasi kubwa za mijini huwa na sumatriptani, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kipandauso chenyewe. Hutolewa kwa cheti, bei yake iko juu, na haimfai mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi. Ile ya zamani, ergotamini iliyochanganywa na kafeini, tunaitilia onyo kali: mtu anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir akimeza ergotamini, mishipa yake ya damu inaweza kujikunja mpaka vidole au miguu ikakosa damu. Muuzaji asiyeuliza "unatumia dawa gani nyingine?" hapaswi kuitoa.

Na kwa kuwa maduka hayo hayo huuza vidonge vya uzazi wa mpango: mwanamke mwenye kipandauso kinachotanguliwa na zile ishara za macho asitumie vidonge vyenye estrojeni, kwa kuwa hatari ya kiharusi hupanda. Vipo vyenye homoni moja tu ya projestini, aombe hivyo.

Kipandauso kikimfika mtu siku nne au zaidi kwa mwezi, suala si kidonge cha kutuliza tena. Daktari anaweza kumwandikia dawa ya kuzuia, inayomezwa kila siku hata asipoumwa, kama propranololi (isiyofaa kwa mwenye pumu) au amitriptilini kiwango kidogo usiku. Zote mbili ni za siku nyingi, na si za bei kubwa. Inauma kuona mtu akipoteza siku tano za kazi kila mwezi kwa miaka, na hajawahi kuambiwa kuwa zipo.

Tufike kwenye zile za mchanganyiko, parasetamoli na kafeini, au aspirini, parasetamoli na kafeini pamoja. Mfano unaojulikana ni Panadol Extra: kila kidonge kina miligramu 500 za parasetamoli na 65 za kafeini. Ukimeza viwili umekunywa kafeini ya zaidi ya kikombe kimoja cha kahawa ya kawaida. Na kweli inasaidia. Kafeini inaiongezea parasetamoli nguvu, na kwa kichwa cha mara moja moja tunaipa 8 hata kwa kipandauso chepesi. Lakini hii ndiyo dawa inayojenga wateja wa kudumu, kwa njia isiyo nzuri.

Mtu anameza leo, kesho kutwa, kisha kila siku. Baada ya miezi kichwa kinaamka naye alfajiri, kizito, kisichoeleweka kimekaa upande gani. Anameza, kinapungua saa chache, kinarudi. Anabadilisha duka. Anatafuta kali zaidi. Hicho ni kichwa kinacholetwa na dawa zenyewe. Mpaka unajulikana: ukiumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, na kwa zaidi ya miezi mitatu umekuwa ukitumia dawa za mchanganyiko siku 10 au zaidi kila mwezi, au parasetamoli au ibuprofeni peke yake siku 15 au zaidi, shuku dawa. Angalia kuwa hesabu ni ya siku. Vidonge sita katika siku moja ni siku moja. Kidonge kimoja kila asubuhi ni siku 30. Tiba yake ni kuacha, na dawa hizi za kawaida zinaweza kuachwa kwa mara moja. Mtu aambiwe mapema kwamba siku za mwanzo, hadi kama kumi hivi, kichwa kitazidi kabla ya kupungua. Asipoambiwa, siku ya tatu atakuwa amerudi kaunta. Anayetumia vidonge vyenye kodeini asiache peke yake bila daktari.

Kafeini ina kichwa chake pia. Mtu aliyezoea vikombe viwili vitatu vya kahawa chungu kila siku akikatisha ghafla, ndani ya saa 24 kichwa kinaanza, na hupoa ndani ya saa moja akinywa kikombe. Mwezi wa Ramadhani huonekana wazi: siku mbili tatu za mwanzo, alasiri, vichwa vinauma Mombasa na Unguja yote, na njaa na kukosa maji vinaongezea. Dawa yake ni kupunguza kikombe kimoja kimoja wiki moja kabla ya mfungo, na kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku.

Diklofenaki tunaipa 5. Nguvu ya kutuliza inayo, miligramu 50 hutuliza hata kipandauso, ila hatari yake kwa tumbo na moyo haiendani na jinsi inavyouzwa kama pipi. Vipo vidonge vyenye diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja. Anayemeza hivyo kisha akaongeza Panadol anazidisha bila kujua. Sindano yake ya makalioni kwa ajili ya kichwa hatuipendekezi kabisa dukani. Ikichomwa pasipo, inaweza kujeruhi mshipa wa fahamu wa mguu.

Sainasi: kama kweli ni yenyewe, kuna makamasi mazito ya njano au kijani, pua imeziba, harufu hazisikiki vizuri, na mashavu yanauma yakibonyezwa. Kama makamasi ni majimaji, kichwa kimeshika upande mmoja na kuna kichefuchefu, hicho ni kipandauso kilichovaa nguo za mafua. Amoksilini haina kazi hapo.

Presha nayo inasingiziwa. Watu hupimwa wakiwa na maumivu, mashine inasoma 150, wanaambiwa "ndiyo sababu". Maumivu yenyewe hupandisha presha. Kwa kawaida presha ya kiasi hicho haiumizi kichwa. Ikifika 180 kwa 120 au zaidi, na kuna kichwa kikali, macho kuona ukungu au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Mjamzito ana mpaka wake: baada ya wiki ya 20, presha ya 140 kwa 90 pamoja na kichwa, kuona vimulimuli, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, aende hospitali saa hiyo hiyo. Ni mwanzo wa kifafa cha mimba, na hakuna kidonge cha kaunta kinachokizuia.

Kichwa chenye homa, baridi na viungo kuuma kipimwe malaria kabla ya kumeza dawa ya malaria. Kipimo cha haraka ni tone la damu ya kidole, na majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kipimo kikikataa, usilazimishe malaria. Dar es Salaam iliwahi kukumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na ugonjwa huo huumiza kichwa hasa nyuma ya macho. Ukishuku dengi tumia parasetamoli tu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuongeza kutoka damu.

Kipo kichwa kimoja ambacho dukani hakina dawa kabisa. Huuma vikali mno kwenye jicho moja au kuzunguka jicho hilo, dakika 15 hadi saa tatu, kinaweza kurudi mara kadhaa kwa siku, mara nyingi saa zile zile za usiku, kwa wiki kadhaa, kisha kinapotea kwa miezi. Jicho la upande huo linakuwa jekundu, linatoa machozi, kope inalegea, tundu la pua la upande huo linaziba au kuchuruzika. Tofauti na mwenye kipandauso anayejilaza gizani, huyu hatulii. Anazunguka chumba, anajigonga ukutani. Ni wachache, na baadhi yao huishia kung'olewa meno mazima. Kidonge kikianza kufanya kazi shambulio limeshaisha. Hospitali humpa oksijeni safi kwa barakoa, lita 12 au zaidi kwa dakika, kwa dakika 15, au sindano ya sumatriptani.

Na kuna vichwa ambavyo muuzaji mwema anakataa kuviuzia. Kilichofika kilele chake ndani ya dakika moja, kama pigo la nyundo. Kilichoambatana na homa na shingo kukakamaa, maana huenda ni homa ya uti wa mgongo. Kipya kwa mtu mwenye VVU, hata bila homa, kwa kuwa fangasi wa kriptokokasi, wanaoshambulia utando wa ubongo, huanza polepole hivyo. Kipya kwa aliyevuka miaka 50. Kilichokuja baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda. Chenye mkono kulegea, maneno kukwama, degedege, au jicho jekundu linalouma na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Pia familia nzima ikiumwa kichwa asubuhi moja baada ya kulala na jiko la mkaa ndani, toeni watu wote nje kwanza, kisha nendeni hospitali. Hewa ya mkaa haina harufu, na kidonge kitampa mtu nafuu ya kurudi kulala kwenye chumba kile kile.

Upande wa huduma, Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzishwa Ruvuma mwaka 2003, yamefikisha dawa hizi vijijini ambako famasi haikuwahi kufika, na muuzaji aliyepata mafunzo anaweza kuuliza kila swali lililotajwa hapa. Tunacholalamikia ni ule mkasi. Karatasi ya vidonge ikikatwa viwili viwili, jina linabaki nusu, miligramu hazisomeki, na tarehe ya mwisho wa matumizi, iliyogongwa kwenye ncha moja tu, inabaki kabatini. Mtu anapeleka nyumbani kidonge cheupe kisicho na jina, anakiweka kwenye kopo pamoja na vingine vyeupe. Omba karatasi nzima ya vidonge 10, au angalau kipande chenye ile ncha ya tarehe.

Nunua na daftari dogo la shule. Chora safu sita: tarehe, saa kilipoanza, saa kilipoisha, upande, kutapika au la, na dawa uliyomeza kwa jina na idadi. Mwezi mmoja unatosha daktari kuona ni kichwa gani. Kila siku uliyomeza dawa izungushie duara; duara zikifika nane kabla ya tarehe 20, peleka daftari kwa daktari kabla hujarudi kaunta.